Filta Nyeusi, Wingu la Kibo na Hesabu ya Muda

Maneno haya niliyasema Moshi mbele ya wapiga picha, wengi wao vijana wanaoishi kwa harusi, sendofu na kipaimara, ambao sasa wanataka kuingia kwenye picha za mandhari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Utani wa ukumbini nimeupunguza, maana kwenye maandishi haunogi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia kwenye fani, shikamooni. Kaka na dada zangu, wadogo zangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie filta nzito za ND, vile vioo vyeusi vinavyofungwa mbele ya lenzi. Hii ya kwangu inapita kwenu. Ishikeni kwa ukingo, kidole kisiguse kioo. Ielekezeni dirishani muitazame. Kwa macho ni kioo cheusi, labda unaiona fremu ya dirisha kwa mbali sana. Kazi yake ni kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi bila kubadili rangi, ukali wala kitu kingine chochote. Hayo ndiyo maelezo ya kwenye boksi. Hilo la rangi nitalirudia baadaye, kwa sababu hapa kwetu penye migomba na kahawa kila upande boksi linadanganya kuliko kwingine.

Stopu moja ni kupunguza mwanga nusu. Stopu mbili ni nusu ya nusu. Chukua shilingi 1,000, igawe nusu, kisha nusu tena, mpaka zitimie mara kumi: unabaki na shilingi moja, tena pungufu kidogo. Hiyo ndiyo filta ya stopu 10, na ndiyo maana dukani inaandikwa ND1000. Ya stopu 6 inaandikwa ND64, ya stopu 3 ND8. Kuna watengenezaji wanaoandika 0.9, 1.8 na 3.0, ni filta zilezile, ila wao kila 0.3 ni stopu moja. Angalieni hapo, kwa sababu nimeshamsikia muuzaji akimweleza mteja kwamba ya 3.0 ni ya stopu tatu. Mteja akiondoka nayo anafika porini na stopu 10 asizozitegemea.

Sasa niseme lililonileta. Ukizuia mwanga, unachopata ni muda: shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, inabaki wazi sekunde 10, dakika 1, dakika 4, mchana kweupe. Kwa hiyo kabla hujafungua begi, jiulize katika picha hii kuna nini kinachotembea, na unataka kitembee kwa muda gani. Ukishajibu hilo, filta inajichagua yenyewe. Vijana wengi naona wanakwenda kinyume. Mtu ameipata ND1000 kwa tabu, ametuma pesa, amesubiri wiki, basi anaifunga kwenye kila kinachosimama mbele yake, mpaka kwenye mwamba na ukuta wa kanisa. Hapo hakuna kitu kinachotembea, na picha ya dakika 3 inatoka sawa na ya 1/100, ila ina chenga zaidi, yaani vinukta visivyotakiwa.

Nianze na maporomoko ya Materuni, kwa kuwa kila aliyeko humu ana picha ya Materuni. Pale chini penye bwawa, asubuhi jua halijaingia bondeni, ISO 100 (wepesi wa sensa kushika mwanga), tundu la lenzi f/11, kamera itakudai 1/8 au 1/4 ya sekunde. Tayari hapo maji yameanza kuvutika, na hujafunga filta yoyote. Weka ND8 upate sekunde 1 au 2. Sasa maji yana nyuzi. Unaona yanapogonga jiwe, yanapogawanyika, yanapokutana tena chini. Weka ND1000 upate dakika 2 hadi 4, na nyuzi zote zimekwisha, limebaki doa refu jeupe mwambani. Maporomoko yenye kimo kile na kishindo kile, na picha haina hata dalili ya uzito wa maji.

Tena maji mengi yakianguka kutoka juu vile yanazalisha upepo wake. Majani yote ya pembeni yanacheza bila kupumzika. Kwa sekunde 1 ncha zake zinafifia kidogo, unaweza kuvumilia. Kwa dakika 3 upande mzima wa kijani umevurugika. Na manyunyu nayo yanatua kwenye kioo cha filta, yakipewa dakika tatu yanatua mengi. Kwa Materuni, au kwa Kinukamori pale Marangu, mimi nabeba ND8 na polaraiza. Polaraiza peke yake inakula stopu 1 na nusu hivi, na inaondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa na mawe. Siku nyingine hiyo inatosha kabisa.

Ukitaka majani makali na maji laini, piga mbili bila kuigusa stendi. Moja ya haraka kwa ajili ya majani, hata kama ISO itapanda mpaka 800, na nyingine ya sekunde 1 au 2 kwa ajili ya maji, uziunganishe nyumbani kwenye kompyuta. Najua kuna wanaouita huu ni udanganyifu. Mimi siuoni hivyo. Tutabishana wakati wa chai.

Tushuke mjini. Kuna ndugu alinitumia ujumbe kuuliza namna ya kupiga Mnara wa Saa mchana bila watu. Nimfanyie hesabu hapa hadharani. Jua la saa sita, ISO 100, f/11, kamera inadai 1/250. ND1000 inazidisha mara elfu: sekunde 4. Kwa sekunde 4 anayevuka barabara kwa miguu hajafutika, amekuwa mzimu wenye urefu wa mita tano. Ukibana tundu mpaka f/22 unapata sekunde 16, lakini kwenye tundu dogo namna hiyo mwanga unatawanyika na picha inapoteza ukali, na kila chembe ya vumbi iliyoganda kwenye sensa ya kamera inajitokeza angani kama doa. Na vumbi la hapa tunalijua.

Kwa hiyo ND1000 mchana wa Moshi si nzito kama watu wanavyodhani. Hapo ndipo inabidi uifunge pamoja na ND64. Stopu 10 na 6 ni 16, mwanga umegawanywa kwa 65,536, na ile 1/250 imekuwa dakika 4 na sekunde 22. Ukifunga filta mbili juu ya lenzi pana, kona za picha zinaweza kuwa nyeusi kwa sababu unene wa pete unaingia kwenye fremu. Anza na lenzi ya mm 35 hivi, usianze na ya mm 16, maana namba ikiwa ndogo lenzi ni pana zaidi.

Dakika 4 zinamfuta anayetembea. Asiyetembea habanduki. Hili limejulikana tangu picha za mwanzo kabisa duniani. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Bamba alilotumia lilikuwa gumu kushika mwanga, likahitaji dakika kadhaa. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, wote hawaonekani. Aliyebaki ni mtu mmoja pembeni ya barabara, amenyanyua mguu anapigwa kiwi, na kivuli cha anayempigia. Walitulia, ndiyo maana wakashikwa. Picha hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza inayojulikana yenye binadamu ndani yake. Nendeni Mnara wa Saa na stopu 16 muone. Abiria wote na daladala zote zitafutika, atabaki fundi viatu na yule bodaboda aliyejilaza juu ya pikipiki akisubiri mteja. Kusema kweli, picha ya hao waliobaki inanivutia kuliko mnara mtupu. Ukitaka mtupu kabisa, piga picha 20 au 30 za kawaida kwa kuachana dakika moja moja, uzipitishe kwenye programu inayochukua thamani ya kati ya kila nukta. Hata bodaboda akihama mara moja tu mapema, anafutika. Hapo filta huhitaji.

Na ukitega stendi mjini kwa dakika tano, askari atakuja. Msalimie, mweleze, muoneshe skrini. Usitege mbele ya kituo cha polisi wala kambi, sihitaji kueleza zaidi.

Mimi nadhani kazi halisi ya stopu 10 ni mawingu na ziwa. Ziwa nitalipita haraka. Chala au Duluti, dakika 1 mpaka 2, viwimbi vinajumlishwa vyote na maji yanalainika, na ile taswira ya kingo za msitu ambayo viwimbi vilikuwa vinaivunja inaanza kurudi majini. Usiweke mtumbwi uliofungwa kwa kamba mbele ya picha, kwa sababu unacheza. Jiwe, mti uliozama, gati, sawa.

Mawingu ndiyo marefu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama mnavyojua, inaonekana alfajiri, halafu kuanzia saa tatu au saa nne wingu linapanda kutoka ukanda wa msitu linaifunika, na ukibahatika inafunguka tena jioni. Wakati mzuri wa filta nzito ni ule wa katikati, wingu linapoanza kupanda na mlima bado uko wazi. Tazama kwanza linakwenda wapi. Linalopita kwa upande linachora mistari ya ulalo. Linalokujia au linalokukimbia linachora mistari inayofunguka kama inatoka kileleni, na hiyo ndiyo watu wanaipenda. Kisha tazama lenzi yako. Kwa mm 24 wingu linatambaa polepole ndani ya fremu, unahitaji dakika 2 mpaka 4. Kwa mm 200 wingu lilelile linakatiza fremu upesi, sekunde 30 zinatosha, na dakika 4 zinalifuta lisiwe na umbo lolote.

Kuna wingu la kofia, lile linalokaa juu ya kilele limetulia. Usilipe dakika 4 ukitegemea mistari. Upepo unapita ndani yake kwa kasi, lakini wingu lenyewe linazaliwa upande mmoja wa mlima hewa ikipanda na kupoa, linayeyuka upande wa pili hewa ikishuka, kwa hiyo kwa macho yetu na kwa kamera liko palepale. Kingo zitalainika kidogo, basi.

Halafu kuna jambo ambalo wanaofundisha kutoka nchi zisizo na mlima wa mita 5,895 hawaligusi. Shata iko wazi dakika 4. Dakika 2 za kwanza Kibo iko wazi, dakika 2 za mwisho wingu zito limepita mbele yake. Kwenye picha utapata mlima nusu: theluji ya kijivu, ukingo wa kilele umefifia, mtazamaji anafikiri hukufokasi. Dawa yake ni kipande cha kadi nyeusi, au hata kofia yako nyeusi. Simama kando ya kamera na ulitazame wingu. Likikaribia kufunika kilele, ziba lenzi kwa kadi bila kuigusa, simamisha saa yako. Likipita, ondoa kadi, endelea kuhesabu. Shata muda wote iko wazi, lakini sensa inalishwa zile dakika unazozitaka tu. Kwa hesabu ya simu mkononi na kadi mkono wa pili, mtu mmoja anaweza kabisa.

Kuhusu msimu nitasema moja. Kutoka Moshi mlima uko kaskazini kwetu. Desemba jua liko kusini, linaupiga usoni. Juni liko kaskazini, linakaa upande wa nyuma, na mlima unakuwa na kivuli. Wachaga wanaorudi nyumbani Krismasi wana bahati ya mwanga pia, mbali na ndafu.

Sasa jioni, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni hesabu. Wenzetu wa kaskazini ya Ulaya wana machweo marefu. Wakati wa kiangazi chao mwanga hafifu unakaa saa nzima na zaidi, mtu anapiga dakika 2 bila filta. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, jua linazama karibu wima. Tangu lizame mpaka kuhitaji taa ni dakika 20 na kidogo, na ndani ya muda huo mwanga umepungua kama stopu 7. Yaani stopu 1 kila dakika 3 hivi. Umepima mwanga mara tu jua lilipozama, kamera na filta vinadai dakika 2. Mwanga unapungua huku shata iko wazi, kwa hiyo dakika 2 hazitoshi, unahitaji kama dakika 2 na sekunde 40. Hiyo bado ni nafuu. Vikidai dakika 4, utahitaji karibu dakika 11. Na vikidai dakika 5, hutazipata hata ukiliacha lenzi wazi mpaka saa mbili usiku, kwa sababu mwanga wote uliobaki wa jioni ile ukijumlishwa haufikii dakika 5 za ule wa mwanzo.

Ndiyo maana mtu anakaa pale anaongeza dakika, anaongeza, na picha bado nyeusi, halafu anasema filta ni mbovu. Jua likishazama, fungua ND1000, weka ND64 au ND8. Alfajiri kabla jua halijachomoza mambo ni kinyume: mwanga unaongezeka, na dakika 4 ulizopima zinatimia ndani ya dakika 3 kasoro kidogo. Funga shata mapema.

Utaratibu wa kupiga wenyewe wengi mnaujua, nitagusa panapokosewa. Pima mwanga bila filta, piga picha ya majaribio, iangalie kwenye grafu ya mwanga. Kisha zidisha. Kwa ND1000 kuna njia ya mkato: 1/1000 inakuwa sekunde 1, 1/250 inakuwa 4, 1/60 inakuwa 16 au 17, 1/15 inakuwa dakika 1 na sekunde chache, 1/8 ni dakika 2, 1/4 ni dakika 4. Kwa ND64, shika kwamba 1/60 inakuwa sekunde 1, mengine yatajipanga. Fokasi kabla ya kufunga filta, kisha ondoa fokasi ya kujiendesha, kwa sababu ikifungwa kioo cheusi mbele yake itahangaika huku na huku na itakuachia popote. Ukiwa unaskurubu filta, shika pipa la lenzi, usishike pete ya fokasi. Zima kizuizi cha mtikisiko kama kamera iko kwenye stendi. Kamera nyingi zinaishia sekunde 30. Zaidi ya hapo unahamia alama ya B, ambayo shata inabaki wazi mpaka uifunge mwenyewe, na kebo ya kufyatulia.

Wenye kamera za kioo, zile za DSLR: zibeni kile kijidirisha cha nyuma cha kutazamia. Kwa 1/100 mwanga unaoingia pale si kitu, ila kwa dakika 4 jua likiwa mgongoni mwako utaona utepe wa rangi umekatiza katikati ya picha. Kipande cha gundi nyeusi cha mafundi umeme kinatosha.

Na chenga. Sensa ikifanya kazi dakika kadhaa inapata joto, nukta nyekundu na za bluu zinatokea. Kamera ina njia yake: baada ya picha yako inapiga nyingine ya giza, shata imefungwa, kwa muda uleule, halafu inaitoa chenga hiyo kwenye picha yako. Kwa hiyo ukipiga dakika 4, kamera itakaa dakika 4 nyingine haijibu kitu. Haijaharibika. Msichomoe betri! Nimeona watu wazima wakichomoa betri. Ukiwa na haraka kwa sababu wingu linakimbia, zima kipengele hicho, utazisafisha nukta nyumbani.

Sasa ile ahadi ya boksi kuhusu rangi. Kuna mwanga tusiouona, ulio chini ya mwekundu, infraredi. Sensa inauona. Watengenezaji wa kamera wameweka kioo mbele yake cha kuuzuia, lakini kioo hicho kinaacha upenyo mdogo, na katika picha ya kawaida upenyo huo hauna madhara. Sasa funga filta ambayo inakata mwanga wa kawaida mara 1,000 ila infraredi inaiachia ipite. Ule upenyo mdogo, ukilinganishwa na mwanga mwingine, umekuzwa mara 1,000. Na kitu gani kinachorudisha infraredi kwa nguvu kuliko vyote mashambani? Majani mabichi. Ndiyo maana mtu anapiga Uru au Kibosho masika, migomba imestawi, anarudi na picha yenye rangi ya kahawia kama kiangazi cha Same. Hata suti nyeusi, kutegemea kitambaa, inaweza kutoka zambarau.

Rangi iliyohama kwenye picha nzima sawasawa, kuelekea bluu au manjano, haina shida. Ukiwa na faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, unabofya sehemu ya kijivu inarudi. Ya infraredi haikubali hivyo, maana imeharibu majani na kuliacha jiwe. Ukirekebisha majani, jiwe linakwenda kijani. Kwa hiyo ukienda dukani, tafuta zilizoandikwa IRND, yaani zinazozuia na infraredi pia, na usiishie kusoma maandishi. Nenda na kamera, jani bichi na kitambaa cheusi. Piga bila filta, piga na filta, kuza kwenye skrini, ndipo utoe pesa. Mwenye duka akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kuna wadogo zangu waliosema ND1000 nzuri ni ghali, je, kioo cha kuchomelea? Jibu ni ndiyo, kwa kujifunzia. Kioo namba 10 cha miwani ya fundi wa kuchomelea kinapunguza karibu stopu 13, bei yake haifiki hata robo ya filta, na unakifunga mbele ya lenzi kwa raba bendi. Picha itatoka kijani kibichi kabisa. Piga RAW, geuza iwe nyeusi na nyeupe, utapata kitu cha kuonesha watu. Usihangaike kuirudishia rangi. Nyekundu na bluu zimefika kwenye sensa kidogo mno, ukizivuta unavuta chenga. Na kioo hakikusawazishwa kwa ajili ya lenzi, ukali utapungua, zaidi kwa lenzi ndefu.

Hapo kwenye fundi wa kuchomelea niongeze onyo. Filta ya ND ya kupigia picha si kinga ya macho. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa kipete na watu wakajaa Rujewa kutazama, kulikuwa na haja ya miwani maalumu, na haja hiyo haiondolewi na ND1000 wala hata na mbili zilizofungwa pamoja. Infraredi inayopita haiumi, haing'ai, inachoma tu. Ukipiga jua, tazama kwenye skrini ya nyuma, usiweke jicho kwenye kijidirisha cha kamera ya kioo.

Maswali yalikuwa mengi, mawili nayaweka hapa.

Dada mmoja aliuliza kama simu inaweza. Inaweza kwa njia nyingine: simu inapiga picha nyingi za haraka na kuzijumlisha, maji yanalainika bila filta. Kwa sekunde chache za maporomoko inapendeza. Kwa mawingu ya dakika 4 tafuta programu inayoendelea kujumlisha muda wote huo, uweke simu kwenye stendi, na uwe na pawabenki.

Kijana mwingine ana filta ya kuzungusha, ile inayobadilika kutoka stopu 2 mpaka 8, akauliza kwa nini picha zake za Kibo zina msalaba mweusi angani. Ile ndani yake ni polaraiza mbili zinazozungushwa moja juu ya nyingine, na ukizifikisha mwisho kwenye lenzi pana, msalaba huo ni lazima utokee. Nilimwambia abaki nayo kwa video za harusi, ambako jua la mchana kwa f/2.8 linadai 1/4000 na yeye anataka 1/50, hapo stopu 6 za kuzungusha zinamfaa sana. Kwa mlima anunue ya stopu 6 isiyozunguka, ya mm 77, na pete za kuiunganisha na lenzi zake ndogo. Ya stopu 10 aje aiombe kwangu kwanza, ajue kama anaihitaji.